Mtungi Usiochotwa Maji

"Na alfajiri ya leo je? Nayo utasema niliota?"

Bi Chiku alikuwa amepanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nusu ya mwili iko kwake na nusu imeshavuka ua wa makuti. Kidole chake kilikuwa kinamwinda jirani yake kama fimbo ya mwalimu wa chuo.

"Nimemwona kwa macho yangu haya mawili. Uweso wangu anatoka mlangoni kwako, kofia mkononi, anafuta mdomo. Anafuta mdomo, Mwamvua! Umempa nini mume wangu?"

"Maji ya kunywa," alijibu Bi Mwamvua. Alikuwa amechuchumaa mbele ya seredani, anapepea makaa, wala hakuinua uso.

"Maji! Kwangu mitungi imepasuka?"

"Hilo kamuulize mwenye kiu."

Waliokusanyika nje wakaangua kicheko. Katika mtaa wa Mabawa ugomvi mzuri haupotei bure. Aliyekuwa anakuna nazi alikuja na mbuzi yake, aliyekuwa anasukwa alikuja na nusu ya kichwa timtim. Hakuna aliyetaka kusimuliwa kesho.

"Cheka tu, cheka," Bi Chiku aliendelea. "Kwani ni Uweso peke yake? Na yule binti wa kota za reli je, na rozari yake shingoni? Na Ernesti, mpishi wa Wazungu wa Raskazone? Na mke wa nyapara wa mkonge, anashuka na lori kutoka shamba kuja kusalimia nini hapa? Nyumba ya mjane, watu wanapishana kama gulioni! Anaingia mdomo mkavu, anatoka mdomo umelowa. Kama si pombe ni uganga, na kama si uganga ni yale mengine, Mungu anisamehe, sitayataja mbele ya watoto."

"Yataje," akasema mwanamke mmoja kutoka nyuma, "watoto tumewafukuza."

Mbali kidogo na kundi hilo, chini ya upenu wa nyumba ya pili, Sajini Tadeo Semboja alikuwa ameegemea baiskeli yake kwa muda wa robo saa nzima. Hakuvaa sare. Alikuwa na shati jeupe, suruali ya kaki na mkoba wa ngozi begani, na mtu asiyemjua angemdhani karani wa bandari anayengoja kudai chenji. Miaka kumi na miwili ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba majirani wanaogombana hutoa maelezo bora kuliko wale wanaoapishwa. Daftari lake lilikuwa wazi. Aliandika: *Wanaingia mmoja mmoja. Hawakawii. Wanatoka wakifuta mdomo. Hakuna aliyetajwa kuwa anapepesuka.* Akapiga mstari chini ya maneno hayo ya mwisho. Bi Chiku asingesahau kutaja mlevi hata mmoja, kama wangekuwapo.

Basi si pombe.

Kisa kilichomleta kilikuwa hivi. Wiki tatu nyuma, siku ya Ijumaa, Mzee Damodari, mwenye duka la dawa karibu na soko, alikufa ghafla nyuma ya meza yake, kalamu ikiwa mkononi. Duka lile ndilo lililokuwa likiwatunza wagonjwa wa kila siku, wa kisukari, wa kifafa na wa moyo; watu ambao dawa yao si ya kunywa ukapona, bali ya kunywa ili uione kesho. Jumamosi asubuhi polisi wakatia lakiri ya nta milango yote miwili, wakimngoja ndugu wa marehemu aje kwa meli kutoka Bombay. Vyeti vya madaktari vikafungiwa humo ndani, na bila cheti hakuna duka la Mombasa wala la Dar es Salaam litakalokuuzia dawa za namna ile.

Juzi, ndugu huyo alipofika, lakiri ilivunjwa ili mali ihesabiwe. Ilikuwa imekutwa nzima, kufuli la nyuma zima, lakini dawa za aina tatu hazikuwapo. Vichupa vyote vya sindano ya kisukari vilitoweka kutoka sanduku la barafu, kopo la vidonge vya kifafa likatoweka, na vidonge vya moyo vikatoweka. Zote zilikuwa zimeandikwa katika Sajili ya Sumu, kwa kuwa ukizidisha kiasi zinaua. Supritendenti alipiga meza mpaka wino ukamwagika. Anamtaka mwizi kabla ya saa kumi na mbili ya leo, na kila kidonge kirudi.

Tayari Zubeiri, mchanganya dawa wa duka, alikuwa mahabusu. Tadeo hakuipenda kesi ile. Ijumaa ile Zubeiri alikuwa Muheza kwenye harusi ya dada yake, na mashahidi wake walikuwa bibi harusi, bwana harusi na kijiji kizima. Tena mwizi gani anayeacha fedha kwenye droo na manukato kwenye kabati, akachukua dawa ambazo hata jina hazitamkiki?

Jana Tadeo alikwenda hospitali kutazama kitabu cha wagonjwa waliolazwa. Alikuwa na majina arobaini na moja kutoka Sajili ya Sumu, na alitazama moja moja. Hakuona hata moja. Watu arobaini na mmoja, siku ishirini na moja bila duka, na hakuna aliyeanguka! Hapo ndipo alipoketi kwenye benchi la wagonjwa, akavua kofia. Dawa haikuuzwa. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake.

Akamfuata mmoja wao, binti wa kota za reli aitwaye Yudith. Yudith akamleta mpaka mlango huu.

"Hodi!" aliita sasa, akisukuma baiskeli katikati ya watu.

"Hodi karibu," alisema Bi Mwamvua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, usisimame juani kama mgomba."

Tadeo alitoa kadi yake ya polisi akamwonyesha. Bi Chiku alishuka kutoka juu ya kinu polepole, kama mtu aliyeita mvua akapata mafuriko.

"Mimi sikumwita," aliwaambia watu. "Nyinyi ni mashahidi. Maneno yangu yalikuwa ya ua tu."

Bi Mwamvua alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, kanga zake zimefuliwa mpaka maua yamechoka. Maelezo yake yalikuwa ndani ya mkoba wa Tadeo, ukurasa mmoja ulioandikwa na Koplo Noa: *Mfagizi wa duka, miaka kumi na minne. Hajui kusoma. Hajui lolote.* Chini yake, alama ya dole gumba.

Tadeo aliketi kwenye kigoda ukumbini. Macho yake yalizunguka nyumba kama mteja asiye na haraka. Kitanda cha kamba, mkeka, kabati la mbao. Pembeni, penye giza, palikuwa na mtungi mkubwa umekalia mchanga wa majimaji, umevishwa gunia la mkonge lililoloweshwa, mdomo wake umefunikwa kwa kawa. Ulikuwa unatoa jasho kama mbeba mizigo.

"Naomba maji, mama. Njia ilikuwa ndefu."

"Maji hayanyimwi mtu," alisema Bi Mwamvua, akainuka, akaupita mtungi ule, akatokea uani. Alirudi na kopo la maji kutoka mtungi wa nje, ule unaopigwa na jua. Yalikuwa vuguvugu.

Tadeo alikunywa yote, akashukuru, akarudisha kopo.

"Mtungi huu una kasoro gani?"

"Upi?"

"Huu unaonyweshwa maji lakini haumnyweshi mtu. Kata yake ile kwenye msumari ina utando wa buibui. Lakini gunia limeloweshwa sasa hivi, na mchanga umemwagiwa leo. Unalea nini humo, mama?"

Tadeo alisogea, akaondoa kawa. Ndani, kati ya maji na ubaridi, kilielea kikapu kidogo cha ukindu. Ndani ya kikapu palikuwa na mkebe wa bati, na ndani ya mkebe, katika vipande vya jani la mgomba, vichupa vimelala safusafu kama mayai chini ya kuku. Pembeni mwa kabati akalikuta kopo la vidonge na chupa mbili za rangi ya hudhurungi.

"Funika, baba," alisema Bi Mwamvua kwa upole. "Joto linaingia."

Tadeo alihesabu kwanza. Vichupa kumi na saba. Katika orodha ya duka vilikuwa ishirini na sita.

"Tisa viko wapi?"

Akamletea mfuko wa kaniki. Vichupa vitupu tisa, vimeoshwa, hakuna hata kimoja kilichokosekana. Tadeo alivipanga sakafuni, akavihesabu tena, akakuna kidevu. Anayeuza mali ya wizi hatunzi maganda.

"Haya. Mimi nina amri ya kuvichukua vyote kabla ya saa kumi na mbili, pamoja na wewe."

"Mtaviweka wapi?"

"Ghala la polisi."

"Lile la bati?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Kesho saa saba mchana vitakuwa maji tu. Nichukue mimi, mwanangu, nina mifupa yangu itakaa popote. Vichupa viache."

Kabla Tadeo hajajibu, kivuli kiliziba mlango. Alikuwa Praxeda, mke wa fundi wa reli, na nyuma yake binti yake Yudith, mwenye miaka kumi na tisa, mrefu, mwembamba kama aliyechorwa kwa kalamu iliyochongwa sana. Yudith aliona mkoba wa ngozi, akaona kawa imeondolewa, akarudi hatua moja.

"Tumechelewa?" aliuliza Praxeda. Halafu akaona uso wa Bi Mwamvua. "Ni nani huyu?"

"Polisi," alisema Bi Mwamvua. "Keti, Yudith. Saa yako bado kidogo."

"Saa ya nini?" aliuliza Tadeo.

"Sindano. Saa kumi na moja na nusu, kila jioni, na nyingine alfajiri. Akikosa siku moja anakuwa mlevi bila pombe. Akikosa siku tatu…" Bi Mwamvua alimtazama mama wa binti, akaacha sentensi hapo.

Tadeo alitazama saa yake. Saa kumi na moja na dakika tano. Akaweka kiganja juu ya kawa.

"Hakuna kitakachotoka humu mpaka nijue kilivyoingia," alisema. "Nina dakika ishirini na tano, na wewe unazo hizo hizo. Uliingiaje dukani?"

"Kwa mlango wa nyuma. Ijumaa ile ile, walipokwisha kumwondoa mzee. Mimi ndiye niliyekuwa nafagia, ufunguo wa nyuma ulikuwa wangu."

"Ufunguo uko wapi?"

"Nimeuacha ndani. Kufuli la nyuma ukilibana linajifunga lenyewe, halitaki ufunguo."

Tadeo alitoa orodha ya mali. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari. *Ufunguo mmoja, chini ya mzani.* Hakuna aliyejua ulikuwa wa nini.

"Kwa nini hukusema, mama? Koplo alikuhoji."

"Nilisema. Nilimwambia, nimeacha barua ndani ya sanduku la barafu. Akaniambia, mama, jibu unaloulizwa. Akaniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia herufi zenu sizijui. Akaandika, akanishika dole gumba."

"Barua gani? Katika sanduku la barafu hapakuwa na…"

Hapo Tadeo alikumbuka. Akafungua mkoba, akatoa bahasha ya khaki. Juu yake palikuwa na mwandiko ule ule wa Koplo Noa: *Kielelezo Namba Saba. Hirizi moja, maandishi ya Kiarabu. Haina thamani.* Askari wawili walikuwa wamekataa kuigusa. Koplo mwenyewe aliiopoa kwa koleo la makaa, akasoma Baba Yetu kwanza.

"Hii?"

"Hiyo."

Aliikunjua. Karatasi ya kufungia dawa, imejaa mistari ya herufi za chuoni kutoka kulia kwenda kushoto. Tadeo alikuwa mtoto wa misheni. Alijua Kiingereza, alijua Kibondei, alijua hata Kilatini cha kuimbia. Hapo alikuwa kipofu.

"Nipe nikusomee," alisema Bi Mwamvua.

"La. Mtuhumiwa hasomi ushahidi wake mwenyewe. Nataka msomaji mwingine, tena asiwe rafiki yako."

Alitoka mpaka uani. Ua wa makuti ulikuwa na jicho katika kila tundu.

"Bi Chiku! Ulisoma chuo cha Kurani?"

"Nilihitimu kabla yake!" sauti ilijibu upesi. "Mwalimu mmoja, jamvi moja, na yeye alichapwa kuliko mimi. Kwa nini?"

"Njoo usome."

Aliingia kwa mlango wa mbele, amejitanda upya, kichwa juu, kama shahidi wa serikali. Alichukua karatasi, akaisogeza kwenye mwanga. Midomo yake ilianza kwa kujigamba.

"'Bismillahi. Mimi Mwamvua binti Hamisi, mfagizi wa duka la Damodari. Leo Ijumaa, baada ya maiti kuondolewa. Barafu iliyobaki ni ya kutwa moja. Mleta barafu hatarudi, kwa kuwa aliyekuwa akimwita amekufa. Nimechukua vichupa ishirini na sita vya sindano ya sukari, kopo moja la vidonge vyeupe vya kifafa, chupa mbili za vidonge vya moyo…'"

Sauti ya Bi Chiku ilipungua kasi.

"'…Viko kwangu Mabawa, nyumba ya tatu baada ya msikiti mdogo. Sikuchukua fedha, sikuchukua manukato. Ufunguo uko chini ya mzani. Atakayefungua sanduku hili, na asome, na aje. Wagonjwa hawawezi kungoja meli. Mungu ndiye shahidi wangu.'"

Tadeo alichukua karatasi, akaitazama mbele na nyuma. Mwizi aliyetafutwa na kituo kizima alikuwa ameacha jina lake, jina la baba yake na njia ya kufika kwake. Kwa muda wa siku mbili polisi walikuwa wamelishika ungamo lile kwa koleo.

"Mwe!" alisema, neno la kwao, likamtoka lenyewe.

Lakini upelelezi haumalizwi kwa mshangao. Saa ilikuwa kumi na moja na robo.

"Kuchukua nimeelewa. Kugawa je? Dawa hizi kidonge kimoja zaidi kinaua mtu. Nani alikuambia nani anameza ngapi?"

Bi Mwamvua alikwenda kwenye kabati, akaleta daftari la shule lenye jalada la bluu, pembe zake zimeliwa. Herufi zile zile, ukurasa baada ya ukurasa.

"Mzee alikuwa anasahau," alisema. "Miaka hii ya mwisho alikuwa ananigeukia, 'Mwamvua, yule mama wa Usagara anameza ngapi?' Nikaona haya kumjibu kwa kubahatisha roho ya mtu. Kila alichomwambia mgonjwa mimi nikifagia, jioni nilikiandika. Na mikono yake ilipoanza kutetemeka, akanifundisha sindano. Alikuwa anasimama pembeni anatazama, anasema, polepole, polepole."

Tadeo alitoa Sajili ya Sumu, kitabu kizito cha jalada jeusi, akaifungua mapajani mwake ili asiione mtu mwingine.

"Bi Chiku, soma katika daftari. Mimi nitalinganisha na cha marehemu."

"Ernesti, mpishi, Raskazone. Kifafa. Kimoja jioni. Asisimame penye jiko kabla hajameza."

Kidole cha Tadeo kilipita juu ya Kiingereza cha Damodari. Kimoja, jioni. Akatia alama.

"Dorkasi, mke wa nyapara. Kifafa. Nusu asubuhi, nusu jioni. Aulizwe kwanza kama amekula."

Alama.

"Shehe, fundi viatu, Usagara. Moyo. Kimoja. Asipewe viwili hata akiapa kwamba jana alisahau."

Alama. Alama. Alama. Kumi, ishirini, thelathini. Penseli haikusita hata mara moja. Watu waliokuwa nje walikuwa wamesogea mpaka dirishani, kisha, pasipo kuambiwa na mtu, wakarudi nyuma wakaketi mbali, wasisikie. Maradhi ya watu yalikuwa yanasomwa, na kila mmoja alihisi kwamba hapa hapana pa kutegea sikio. Praxeda alikuwa ameshika mkono wa binti yake, macho yote kwenye kidole cha Sajini.

Katika jina la thelathini na nane Bi Chiku alikwama.

"Soma."

"Siwezi."

"Soma, mama. Muda."

"'Uweso bin Makame, mchukuzi wa bandarini,'" alisema kwa sauti ndogo ambayo Mabawa haijapata kuisikia. "'Moyo. Kimoja alfajiri, ameze mbele yangu. Mwenyewe ameomba mkewe asijue. Anasema Chiku akijua hatalala usingizi tena.'"

Hakuna aliyecheka. Bi Chiku alikunja ncha ya kanga akaziba mdomo wake mwenyewe.

Tadeo alikuwa anatazama kitabu, uso umekaza.

"Ngoja. Umekosea hapa. Daftari linasema kimoja. Mzee ameandika viwili."

Bi Mwamvua alitikisa kichwa. "Sikukosea."

"Nimeona kwa macho yangu. Viwili. Ni mwandiko wake."

"Fungua mbele, baba. Ukurasa wa mwisho alioandika."

Alifungua. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari minne, na wa nne ulikatika katikati, wino ukivutwa kwenda chini mpaka ukingoni, mahali ambapo mkono ulishindwa. Juu ya ule uliokatika palikuwa na huu: *Uweso Makame, mapigo yamekuwa ya polepole mno. Kuanzia leo kimoja badala ya viwili.*

"Alimpima asubuhi ile," alisema Bi Mwamvua. "Saa nne akaandika. Saa sita akafa."

Sajini Tadeo aliweka penseli chini. Alikuwa ameshafunua maiti zilizofukuliwa, ameshasikia wauaji wakiungama kwa kicheko, na hakukumbuka siku nyingine aliyokosa la kuandika. Mwanamke aliyeandikwa *hajui kusoma* alikuwa amebeba roho arobaini na moja kwa penseli ya senti kumi, ameishi ua kwa ua na ulimi mkali kuliko yote ya Mabawa, na katika siku ishirini na moja hakudondosha kidonge wala siri. Neno lililomrudisha mume wa jirani yake kutoka kaburini lilikuwa mstari mmoja uliosikiwa na mtu anayefagia.

"Bwana Sajini," alisema Praxeda, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Saa."

Kumi na moja na nusu kasoro dakika tatu. Tadeo aliondoa kiganja juu ya kawa, akasimama, akasogea ukutani ili asizibe mwanga.

Bi Mwamvua hakupoteza hata pumzi. Bomba la sindano lilikuwa linachemka katika sufuria juu ya seredani tangu wakati wa ugomvi. Ndiyo makaa yale aliyokuwa anayapepea huku akitukanwa. Aliopoa kichupa kimoja, akakishika mlangoni kwenye nuru, akakizungusha katikati ya viganja bila kukitikisa. Alivuta. Alihesabu alama kwa kucha, mpaka kumi na nne. Akagonga kioo mara mbili, povu likapanda, likatoka.

"Upande gani leo?"

"Kushoto," alisema Yudith.

"Asubuhi ilikuwa kushoto. Usinidanganye."

"Kulia, basi."

Ikaingia, ikatoka. Praxeda alipiga ishara ya msalaba; Bi Mwamvua alisema alhamdulillahi; maneno yale mawili yalikutana hewani, hayakugombana. Bi Chiku alikuwa amesimama kinywa wazi, kama mtu aliyeishi jirani na bahari miaka yote akidhani ni dimbwi.

Tadeo aliketi tena kigodani akaandika, na alichoandika alikisoma kwa sauti ili wote wawe mashahidi.

"'Kielelezo Namba Nane. Vichupa kumi na saba, pamoja na vidonge kama vilivyohesabiwa. Ghala la polisi ni la bati na kielelezo kitaharibika. Kwa hiyo kimeachwa katika mtungi kilimokutwa, chini ya ulinzi wa Mwamvua binti Hamisi, anayejua kusoma na kuandika. Kila kinachotumika kiandikwe katika daftari lake.' Vidonge vya moyo vimebaki vya siku ngapi?"

"Tisa."

"Basi kesho saa tatu asubuhi wewe na mimi tutakuwa kwa daktari wa serikali. Wewe utasoma, mimi nitaandika kwa herufi zetu, yeye atatia sahihi. Vyeti vipya arobaini na moja. Basi la Mombasa linaondoka Jumatatu, na dawa zitakuja kwa haki. Lakini daktari atataka kuwaona wenyewe. Nani atawakusanya watu arobaini na mmoja kwa usiku mmoja?"

Wote walimtazama Bi Chiku.

"Mimi nawajua wote," alisema polepole. "Najua na wanakolala."

"Uwaite bila kusema kwa nini. Utaweza?"

Bi Chiku alifikiri kwa dhati. "Sijapata kujaribu."

Alijifunga kanga kiunoni, akafika mlangoni, akarudi, akamshika Bi Mwamvua mkono, akaubusu kwa ndani, pale kwenye kiganja. Kisha akatoka upesi, na wakamsikia huko nje akiwaambia watu kwamba hakuna lolote, hakuna lolote kabisa, kila mtu aende kwake akapike.

Tadeo naye alifunga mkoba. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini afike kituoni, amtoe Zubeiri mahabusu, na amweleze Supritendenti kwamba mwizi aliyekuwa anatafutwa hakuwapo. Alimwinamia Bi Mwamvua, akamwambia shikamoo kwa mara ya pili siku ile moja, jambo ambalo halifanywi, akatoka, akashika usukani wa baiskeli.

"Bwana Sajini!"

Yudith alikuwa mlangoni. Nyuma yake mkeka ulikuwa umetandikwa, bada, ugali wa muhogo, imepakuliwa kiasi cha ngumi kwa kipimo, kunde kando, mchuzi wa changu unatoa moshi, na Praxeda ameshika birika la kunawia.

"Nikishadungwa lazima nile papo hapo, la sivyo sindano inanigeukia," alisema binti yule, na mara hii hakurudi nyuma hata hatua. "Na Mama Mwamvua amekataa nianze mpaka mgeni aketi. Kwa hiyo usinicheleweshe, kaka. Weka baiskeli, unawe mikono, ingia tule."